Njano ya Dhahabu Ukutani: Nuru, Udongo na Risasi

Inapokaribia Krismasi, barabara ziendazo Moshi hujaa magari. Wenyeji wa Kilimanjaro waishio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurejea katika vihamba vya wazazi wao, na kabla hawajawasili nyumba hutengenezwa. Kuta hupakwa rangi upya. Milango na madirisha husuguliwa kwa msasa ili rangi mpya ishike vizuri. Na mara nyingi kazi hiyo ya kusugua huachiwa watoto walio likizoni. Miongoni mwa rangi zichaguliwazo kwa sebule ni njano iliyoiva, inayoelekea dhahabu, ambayo husifiwa kwamba hukipa chumba joto na uchangamfu.

Makala haya yanaichunguza njano hiyo kwa jicho la sayansi. Maswali ni matatu. Kwanza, je, joto la ukuta wa njano ni la kweli? Pili, kwa nini rangi ya kopo moja huonekana hivi mjini Moshi na vingine huko Marangu? Tatu, ndani ya kopo hilo mna kitu gani kinachoifanya rangi iwe njano? Itaonekana kwamba maswali mawili ya mwanzo yanaweza kujibiwa kwa kutazama na kufikiri. La tatu haliwezi kujibiwa kwa macho hata kidogo, nalo ndilo linalogusa afya ya watoto.

NJANO NI NINI?

Nuru ya jua huonekana nyeupe, lakini ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Isaac Newton alilionyesha jambo hilo huko Uingereza katika karne ya 17 kwa kupitisha mwali wa jua katika mche wa kioo. Kila rangi katika mchanganyiko huo ina urefu wake wa wimbi. Mawimbi yanayoonekana kwa macho yana urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Urujuani na buluu ziko upande wa mawimbi mafupi, nyekundu iko upande wa mawimbi marefu, na njano iko kati ya nanomita 570 na 590.

Hata hivyo ukuta wa njano haurudishi mawimbi ya njano peke yake. Kazi ya chembe za rangi zilizomo ni kufyonza mawimbi ya urujuani na buluu, na kuyaakisi yale ya kijani, njano na nyekundu. Ndani ya jicho mna aina tatu za seli za kutambua rangi: moja huamka zaidi kwa mawimbi marefu, nyingine kwa mawimbi ya kati, na ya tatu kwa mawimbi mafupi. Seli za aina mbili za kwanza zikiamshwa pamoja, na zile za tatu zikiachwa zimelala, ubongo husema: hii ni njano. Ukipunguza kijani kidogo, njano huelekea chungwa, na hapo ndipo inapopatikana ile iitwayo njano ya dhahabu. Kwa kifupi, njano ni nuru nyeupe iliyonyang'anywa buluu.

CHUMBA HUZIDISHA RANGI

Mtu huchagua rangi dukani kwa kutazama kipande cha karatasi kisichozidi ukubwa wa kiganja. Akimaliza kupaka sebule nzima hushangaa kuona kwamba njano imekuwa kali kuliko alivyotarajia, na humlaumu fundi au muuza duka. Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Sababu iko katika hesabu ya mwakiso.

Tuchukue ukuta ambao huakisi asilimia 80 ya nuru nyekundu, asilimia 70 ya kijani, na asilimia 20 ya buluu. Nuru itokayo dirishani ikigonga ukuta mmoja na kuingia jichoni, viwango vyake ni 80, 70 na 20. Lakini ndani ya chumba nuru haiishii hapo. Hutoka ukuta mmoja ikagonga wa pili, na wa pili ukairudisha kwa wa tatu. Baada ya kuakisiwa mara mbili, nyekundu hubaki asilimia 64, kijani 49, na buluu 4 tu. Baada ya mara tatu, nyekundu hubaki 51, kijani 34, na buluu chini ya asilimia 1. Mwanzo buluu ilikuwa robo ya nyekundu. Kisha ikawa sehemu moja ya kumi na sita. Mwisho ikawa sehemu moja ya sitini na nne. Kuta zimetiana njano zenyewe kwa zenyewe.

Kutokana na hesabu hiyo mtu anaweza kupata kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba yafaa kuchagua njano hafifu kuliko ile inayovutia katika kipande cha dukani. Ya pili ni kwamba dari ibaki nyeupe, kwani dari nyeupe huirudishia nuru ile buluu inayonyang'anywa na kuta, na chumba hakizidiwi na rangi moja.

Hesabu hiyohiyo hueleza kwa nini njano hufaa mahali penye nuru haba. Ukuta wa kahawia iliyokolea, unaoakisi asilimia 10 tu, hubakiza asilimia 1 baada ya kuakisi mara mbili. Ukuta wa njano hafifu hubakiza karibu nusu. Chokaa nyeupe hubakiza zaidi ya hapo. Kwa hiyo njano haiishindi nyeupe kwa kuangaza chumba, bali huzishinda takribani rangi nyingine zote.

MJINI NA VIHAMBANI

Mji wa Moshi uko katika latitudo ya nyuzi 3 na dakika 21 hivi kusini mwa ikweta. Mnamo tarehe 21 Juni, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 27 kutoka utosini. Mnamo tarehe 22 Desemba huwa upande wa kusini, kiasi cha nyuzi 20 kutoka utosini. Kwa vyovyote vile jua la adhuhuri liko juu sana, na paa lenye upenu mpana hulizuia lisiingie dirishani. Nuru inayoingia ndani mchana ni ile iliyokwisha kuakisiwa na vitu vya nje: mawingu, ardhi, kuta za jirani na majani ya miti.

Hapo ndipo tofauti ya mahali inapojitokeza. Katika mitaa ya mjini, nuru hurudishwa na barabara, vumbi na kuta za majengo, nayo huingia chumbani ikiwa haina rangi maalumu au ina wekundu kidogo wa udongo. Katika vihamba vya Marangu, Kibosho na Machame mambo ni mengine. Nyumba imezungukwa na migomba, mibuni na miti mirefu. Jani la mgomba hufyonza nuru nyekundu na buluu kwa ajili ya usanisinuru, na kuiachia ya kijani. Kwa hiyo nuru inayofika dirishani imekwisha kutiwa ukijani. Njano inayoelekea limau ikipokea nuru hiyo huonekana ya kijani kibichi na isiyopendeza, hasa siku za mawingu. Njano inayoelekea dhahabu, yenye wekundu zaidi ndani yake, huustahimili ukijani huo na kubaki njano. Kumbe anayesema kwamba njano ya dhahabu huzifaa nyumba za mlimani ana hoja, hata kama hajui sababu yake.

Usiku taa huleta mabadiliko mengine. Mwanga wa chemli au koroboi una buluu kidogo sana, na chini ya mwanga huo ukuta wa njano na ukuta mweupe ni vigumu kuvitofautisha. Taa za kisasa za LED zenye mwanga mweupe mkali zina buluu nyingi, nazo huifanya njano ileile ionekane imepauka. Ndiyo sababu ni busara kupaka kwanza kipande cha ubao, mara mbili, na kukitazama ndani ya chumba chenyewe asubuhi, adhuhuri na usiku kabla ya kununua ndoo nzima.

JE, NJANO HUTIA JOTO?

Kadiri mtu anavyopanda mlima, halijoto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 za Sentigredi kwa kila mita 1,000. Marangu, iliyo juu ya Moshi kwa mamia kadhaa ya mita, ina baridi ambayo wakazi wa mjini hawaijui, hasa katika miezi ya Juni na Julai ambapo mawingu huukalia mlima siku nyingi. Je, ukuta wa njano waweza kupunguza baridi hiyo?

Jibu ni hapana. Joto linalotoka ukutani kuuelekea mwili wa mtu husafiri kwa mawimbi ya infraredi, ambayo ni marefu kuliko nuru yoyote inayoonekana. Katika mawimbi hayo, rangi nyeupe, njano, buluu na nyeusi za ukutani hufanana: zote hutoa joto kwa kiasi karibu sawa. Kipimajoto kikitundikwa katika vyumba viwili vilivyo sawa kwa kila jambo isipokuwa rangi ya kuta za ndani, hakitaonyesha tofauti ya maana. Nje ya nyumba habari ni nyingine, kwani paa na kuta zinazopigwa na jua hupashwa moto kwa kadiri zinavyoifyonza nuru. Lakini ndani ya sebule joto la njano ni la fikra. Njano, chungwa na nyekundu ni rangi za moto na za jua la jioni, na ubongo hukumbuka. Atakaye joto halisi na azibe nyufa za madirisha na kuweka dari chini ya bati.

NJANO TATU

Sasa tuingie ndani ya kopo. Rangi ya kupaka ina sehemu tatu: kimiminika kinachokauka, gundi inayoshika ukuta, na unga wa chembe zinazotoa rangi. Katika rangi ya maji kimiminika ni maji. Katika rangi ya mafuta ni kiyeyushio kama tapentaini. Sehemu inayotuhusu hapa ni ule unga. Tutazame aina tatu.

Aina ya kwanza imo katika lugha yetu. Kiswahili kimepata jina la rangi hii kutokana na manjano, kile kiungo cha pilau na mchuzi. Lakini manjano hayafai ukutani. Rangi yake ni kampaundi ya mimea ambayo huvunjwa na jua, na zaidi ya hayo hubadilika kuwa nyekundu ya kahawia ikikutana na alkali. Chokaa ni alkali, na saruji mbichi pia ni alkali.

Aina ya pili imo ardhini. Udongo mwingi wa njano hupata rangi yake kutokana na madini ya gothaiti, ambayo ni oksidi ya chuma iliyofungamana na hidrojeni, FeO(OH). Ndugu yake ni hematiti, Fe₂O₃, iliyo nyekundu. Katika nchi za tropiki gothaiti hustawi zaidi mahali penye ubaridi na unyevu, na hematiti mahali penye joto na ukame wa majira. Binadamu ameitumia njano ya udongo tangu zama za mapango. Haiungui kwa jua, haidhuriki kwa chokaa, na haina sumu ya kuogofya. Siku hizi viwanda huitengeneza kwa wingi na kwa usafi, sawa na ile oksidi nyekundu inayochanganywa na saruji ya kusakafia. Kasoro yake ni moja tu: imetulia, haing'ai. Ni njano ya asali kuliko njano ya alizeti.

Aina ya tatu ndiyo inayong'aa. Mwaka 1797 mkemia Mfaransa, Louis Nicolas Vauquelin, aligundua elementi ya kromiamu ndani ya madini mekundu kutoka Siberia. Kutokana na elementi hiyo ilipatikana kromati ya risasi, PbCrO₄, yenye njano kali na ya bei nafuu. Katika karne ya 19 ilienea duniani kote. Vincent van Gogh aliitumia kuchora alizeti zake mwaka 1888, na baadhi ya michoro yake imekuwa ikigeuka kahawia. Mwaka 2011 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba nuru huibadili kromiamu iliyo juu ya uso wa rangi hiyo. Vilevile kromati ya risasi huelekea chungwa ikiguswa na alkali, na huweza kuwa nyeusi ikikutana na gesi ya hidrojeni salfaidi. Lakini kasoro yake kubwa si hizo. Kasoro yake ni risasi.

HESABU YA RISASI

Mwanafunzi yeyote wa kemia anaweza kuikokotoa. Masi ya atomi ya risasi ni 207, ya kromiamu ni 52, na oksijeni nne ni 64. Jumla ni 323. Kwa hiyo katika kila gramu 100 za kromati ya risasi mna gramu 64 za risasi. Ikiwa rangi iliyokauka mlangoni ina asilimia 10 tu ya kampaundi hiyo, basi risasi ni asilimia 6.4, yaani sehemu 64,000 katika kila milioni. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira katika mfano wa sheria liliouchapisha mwaka 2018 ni sehemu 90 katika milioni. Marekani ilikwisha kuweka kikomo cha 600 mwaka 1978, na ikakishusha hadi 90 mwaka 2009.

Sehemu 90 katika milioni ni mikrogramu 90 katika gramu moja. Gramu moja ya rangi yenye sehemu 64,000 ina mikrogramu 64,000. Mtoto wa miaka mitatu ana damu ya kiasi cha lita moja hivi, yaani desilita 10. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba mtu akiwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu, chanzo chake yapasa kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtoto huyo, hizo ni mikrogramu 50 tu katika damu yote. Si risasi yote iliyomezwa inayoingia katika damu, na ile inayoingia haikai humo yote, kwani sehemu kubwa huhamia mifupani. Lakini hata punje ndogo ya rangi hiyo, au vumbi lake likirudiwa siku kwa siku, latosha kukivuka kipimo hicho.

Mwili wa mtoto mdogo huipokea risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Madhara yake ni kupungua kwa akili na umakini, upungufu wa damu, na matatizo ya tabia. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Madhara hayo hayana kilio wala homa ya kumwonya mzazi. Huonekana baadaye, darasani.

Hatari hii haikugunduliwa jana. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulihusu risasi nyeupe katika rangi za majengo. Karibu miaka 90 baadaye, mwaka 2009, mtandao wa kimataifa wa IPEN pamoja na shirika la Toxics Link la India walitangaza uchunguzi wa rangi mpya za majumbani kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo. Rangi za maji kwa jumla zilikuwa na risasi kidogo. Rangi za mafuta zilikuwa na nyingi. Njano, nyekundu na chungwa ni miongoni mwa rangi ambazo mara kwa mara huongoza kwa risasi katika chunguzi za namna hii.

Zingatia maana yake nyumbani. Ukuta wa sebule kwa kawaida hupakwa rangi ya maji. Mlango, fremu ya dirisha na kitanda cha mtoto hupakwa rangi ya mafuta. Hivyo ndivyo vitu vinavyoshikwa kwa mikono, vinavyotafunwa na mtoto anayeota meno, na vinavyosuguliwa kwa msasa kila baada ya miaka michache.

MAJARIBIO MAWILI

Jaribio la kwanza: changanya kijiko kimoja cha manjano na maji, kisha ongeza maji ya chokaa yaliyochujwa. Tazama njano inavyogeuka nyekundu. Chokaa huunguza macho na ngozi. Mwalimu na awepo.

Jaribio la pili: tafuta udongo wa njano katika kingo za barabara au makorongo. Ukaushe, uutwange, uuchekeche, kisha uukaange nje kwenye bati juu ya jiko la mkaa mpaka uive sana. Gothaiti itapoteza maji na kuwa hematiti:

2FeO(OH) → Fe₂O₃ + H₂O

Udongo utakuwa mwekundu, na hautarudi kuwa njano hata ukipoa. Unga wa njano usiokaangwa, ukichanganywa na chokaa iliyozimwa, utatoa rangi ya kupaka ubao. Chokaa itavuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, iwe jiwe, na kuzishika chembe za njano ndani yake.

Rangi za dukani zisijaribiwe kwa kuchomwa wala kusagwa. Risasi hupimwa maabara, kwa vyombo kama vile vya eksirei, na wala haitambulikani kwa macho, harufu au bei.

LA KUFANYA

Anayenunua rangi na achague ya maji kwa kuta, na kwa milango aulize waziwazi kama imetengenezwa bila risasi, na jibu liwe limeandikwa kwenye kopo. Ziko njano zing'aazo zisizo na risasi, zitokanazo na kampaundi za kaboni zilizobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, au na madini ya bismathi. Ni ghali kuliko kromati ya risasi, lakini zipo, nazo zinaondoa kisingizio.

Rangi ya zamani isiyobanduka ni bora iachwe na kufunikwa kwa rangi mpya. Ikilazimu kusuguliwa, mbao na zilowanishwe kwanza, ili vumbi lisiruke. Vyombo vya chakula na magodoro viondolewe. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe ikiwa kavu. Na aliyefanya kazi anawe na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Na zaidi ya yote, msasa usipewe watoto. Mtoto wa likizo anaweza kupaka chokaa ya udongo kwenye ubao, kukokotoa mwakiso wa sebule, na kuwaeleza wageni wa Krismasi kwa nini njano yao imekolea kuliko ya dukani. Hiyo ndiyo sehemu yake katika kuipamba nyumba. Vumbi la mlango wa zamani si sehemu yake.